Wodi Iliyoshusha Afya za Watu

Nchi yenyewe ipo, ina bendera na ina wimbo wa taifa wenye beti sita. Usiulize iko upande gani. Wenyewe hawapendi kutajwatajwa, na mtu mwenye watoto shuleni hapendi kuwaudhi.

Siku moja Waziri wa Afya na Tija wa nchi hiyo alitoka ofisini akiwa ameshika kichwa. Alikuwa amesoma taarifa ya mwaka, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akagundua kashfa kubwa: dawa za nchi nzima, karibu zote, zilikuwa zinaishia kwa wagonjwa. Vitanda navyo, wagonjwa. Wauguzi ndiyo usiseme. Wenye afya zao, ambao ndio wengi na ndio wenye nguvu za kusimama foleni ya kupiga kura, hawakuwa wanaambulia hata kidonge.

“Tunawekeza kwa watu walioshindwa!” alisema redioni, na sauti ilimtetemeka kwa uzalendo. “Kuanzia leo kila wodi itathibitisha faida yake kisayansi. Wodi isiyo na faida, kwaheri ya kuonana.”

Hapakuwa na mtu wa kuthibitisha, lakini hilo halikumsumbua Waziri. Aliamuru kila kituo cha afya kitoe mtumishi mmoja aende Chuo Kikuu cha Taifa kusomea shahada ya uzamili ya Uchumi wa Afya na Tathmini ya Huduma, miaka miwili, kisha arudi na majibu.

Kituo cha Afya cha Bondeni Juu kiko milimani, na jina lake lilitungwa na kamati iliyoshindwa kukubaliana. Kilikuwa na watumishi wanne. Tabibu alisema ana mgongo. Mtu wa maabara alikuwa amefiwa, na aliendelea kufiwa mpaka orodha ya majina ilipofungwa. Mama Sizya, mhudumu wa wodi ya wazazi, hakuwa na cheti chochote zaidi ya cha ubatizo. Akabaki Asteria Lwambano, mkunga pekee wa kituo, aliyekuwa amewapokea nusu ya watoto wa milima ile kwa mikono yake miwili. Kwa kuwa ndiye aliyehitajika zaidi pale alipo, akachaguliwa yeye kuondoka.

Asteria hakukataa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: aliamini hesabu. Alijiambia kwamba kama kuna wodi itakayoshinda mtihani wa faida duniani, basi ni ile yake, ambako mwanamke huingia akiwa mtu mmoja na kutoka wawili. Atakwenda, atajifunza lugha ya wakubwa, atarudi kuwathibitishia, na watamwongezea mkunga wa pili na tangi la maji.

“Nenda, dada,” aliambiwa na mdogo wake Perpetua, aliyekuwa na watoto wawili, wote wamezaliwa kwenye wodi ile. “Mimi wa tatu namchelewesha mpaka urudi. Sizai kwa mtu mwingine.”

*

Mwalimu mkuu wa shahada hiyo alikuwa Profesa Ladislaus Kisangure, mtu wa shahada nne, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumgusa mgonjwa na alijivunia hilo, maana kugusa huleta upendeleo. Alikuwa akiingia darasani na kijana wa kumbebea mkoba na mwingine wa kumbebea miwani.

“Afya,” alianza siku ya kwanza, akanyamaza dakika nzima ili neno lizame. “Afya ni kile kinachopimwa. Kisichopimwa si afya, ni hisia. Na hisia, ndugu zangu, ni mzigo kwa taifa.”

Chombo cha kupimia kiliitwa Dodoso la Taifa la Uzima. Lilitoka nchi ya baridi, ambako mtu akiulizwa hali yake hudhani anaulizwa hali yake. Kamati ya wataalamu kumi na saba ililitafsiri kwa wiki sita katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, na swali la kwanza, lililobeba alama nyingi kuliko mengine yote, likatoka hivi: Habari ya afya yako leo? Chini yake palikuwa na visanduku vitano, kuanzia Nzuri sana mpaka Mbaya sana. Mgonjwa huulizwa anapoingia wodini na huulizwa tena anapotoka. Unatoa jibu la kwanza kwenye la pili, kinachobaki ndiyo faida ya huduma.

Asteria aliinua mkono.

“Profesa, samahani. Kwetu mtu akiulizwa habari husema nzuri. Hata awe amebebwa kwa machela. Kwanza nzuri, ndipo aseme linalomsibu.”

“Analisemaje hilo linalomsibu?”

“Anasema nzuri, ila. Halafu ndiyo unasikia yote.”

Profesa alivua miwani, na kijana wake akaipokea. “Bibi Lwambano, ila haina kisanduku.”

Wanafunzi wengine wote waliinama wakaandika: ila haina kisanduku. Swali hilo lilikuja kutokea kwenye mtihani, alama nne. Asteria alilipata, maana alikuwa mwanafunzi mzuri. Alijifunza kukokotoa miaka ya uzima, akajifunza kuchora zile grafu ambazo wakubwa hupenda, akapata alama za juu kuliko wenzake wote. Kila akirudi chumbani alihisi amejifunza kupima mvua kwa kijiko.

*

Ulipofika wakati wa tasnifu, kila mwanafunzi alipangiwa wodi ya kuitathmini. Asteria akapangiwa wodi ya wazazi ya Bondeni Juu.

“Lakini Profesa, ile ni wodi yangu.”

“Ndiyo maana. Ukiipendelea tutajua, kwa sababu tunatarajia uipendelee.”

Wodi ilikuwa na vitanda vinane na wanawake kumi na wawili. Asteria alipoingia na kitambulisho cha utafiti shingoni, walipiga vigelegele wakidhani mkunga wao amerudi. Hakuwa amerudi. Ibara ya tisa ya kanuni za utafiti ilimkataza kumgusa mhojiwa, kwa kuwa mtafiti akimsaidia mgonjwa anaharibu matokeo. Kazi ya kuzalisha ilifanywa na mkunga wa kuazima aliyepanda mlimani siku tatu kwa wiki, na siku zilizobaki na Mama Sizya na Mungu.

Mhojiwa wa kwanza alikuwa na uchungu tangu juzi. Alikuwa ameng’ang’ania chuma cha kitanda, jasho linamtiririka mpaka kwenye khanga.

“Habari ya afya yako leo?” aliuliza Asteria, neno kwa neno.

“Nzuri, dada, tunamshukuru Mungu.” Mwanamke alikunja uso mpaka maumivu yakapita. “Ila mtoto kakaa vibaya, na tangu jana simsikii akicheza.”

Asteria akatia tiki kwenye Nzuri. Kisha akamtupia jicho Mama Sizya, na Mama Sizya, ambaye hakuwa amesoma ibara ya tisa, akatimka kumwita tabibu, naye akaja na mgongo wake.

Mama yule na mtoto wake walipona. Siku ya kutoka Asteria akamwuliza tena, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Milima ile ina mila yake: mzazi hasemi yuko vizuri kabla ya arobaini kupita. Akisema mapema anaita kijicho cha watu kimwangukie mwanawe.

“Tupo tu, dada,” alisema yule mama, mtoto kifuani ananyonya kwa kelele. “Tunajikongoja.”

Dodoso lilikuwa na mwongozo wake wa majibu, kazi nyingine ya ile kamati. Tupo tu ni Wastani. Tunajikongoja ni Mbaya. Kwa hiyo kisayansi mwanamke yule aliingia wodini mzima, akatoka mgonjwa.

Na ndivyo walivyojibu wote, mia moja na sita. Waliingia Nzuri wakiwa wamekunjamana kwa maumivu, wakatoka Wastani na Mbaya wakiwa na watoto wa kilo tatu na nusu. Asteria alijaribu kuwaelimisha. Alianza na wa nyumbani, maana Perpetua sasa alikuwa na mimba ya miezi minne na alikuja kupima.

“Perpe, nisikilize. Wakikuuliza siku ukija kujifungua, sema mbaya. Mbaya sana. Ukitoka useme nzuri sana. Umenielewa?”

Perpetua alimwangalia kama anayeangalia mtu aliyeanza homa. “Dada, mtu anakujulia hali kwa upole, wewe unamwambia mbaya? Kwani kakukosea nini?”

“Ni dodoso, si mtu.”

“Si linaulizwa na wewe? Na hilo la kusema nzuri sana na kichanga mkononi, hilo hata usilirudie. Unataka mwanangu asifike arobaini?”

Mama Sizya, aliyekuwa anakunja mashuka, akaunga mkono. “Ulikuwa na adabu kabla ya kwenda kusoma, Asteria.”

Basi akafanya alichoweza. Akachora safu ya pili kwa rula pembeni ya fomu, akaiandika juu: Ila. Humo akaandika kila walichosema baada ya kushukuru. Damu tangu asubuhi. Mtoto miguu mbele. Macho yanaona giza. Aliandika usiku na mchana mpaka kidole kikaota sugu, na kwa mara ya kwanza tangu aende chuo aliona anafanya kazi yenye maana.

*

Utetezi wa tasnifu ulifanyika katika ukumbi wenye mapazia mazito, mbele ya jopo la maprofesa watano, ambao wanne walikuwa wanasubiri chai. Asteria alisimama akasema kwamba takwimu zinaonyesha wodi inashusha afya, lakini takwimu zimepima adabu ya watu, hazikupima afya yao. Akasoma ila kumi na tatu kwa sauti. Alipofika kwa mama aliyeona giza, akamsoma mara mbili.

Jopo lilitikisa vichwa kwa heshima. Profesa Kisangure akasema kazi ni nzuri mno, tena ya kuigwa, na inahitaji marekebisho madogo tu: hitimisho lilingane na jedwali.

“Jedwali ni la uongo, Profesa.”

“Jedwali limepigwa muhuri.”

“Nikikataa?”

“Utakuwa umefeli, na wodi atapewa mwenzako amalizie. Data ni zilezile. Yeye hataweka hizo ila zako hata kwenye kabrasha.” Akainama, akashusha sauti kama baba. “Mwanangu, kubali hitimisho, nami nakuachia ila zote kama Kiambatisho cha Sita. Mheshimiwa Waziri ni msomaji. Ataziona.”

Asteria alikaa na kalamu mkononi saa nzima. Alijua wanamfunga kwa kamba aliyoisokota mwenyewe. Alitafuta mlango wa tatu na hakuuona, na ukweli ni kwamba haukuwapo. Mwishowe akaandika: Wodi haina faida inayopimika. Akahesabu kurasa za Kiambatisho cha Sita, arobaini na moja, akazishona kwa uzi ili zisidondoke.

Akatunukiwa shahada kwa daraja la juu. Tasnifu ikapelekwa wizarani, na kwa mujibu wa utaratibu wa wizara, viambatisho vikabanduliwa mapokezini ili kupunguza uzito.

*

Waziri alikuja Bondeni Juu mwenyewe kwa msafara wa magari tisa. Wodi ilipambwa. Kwa kuwa utepe hukatwa siku ya uzinduzi, itifaki iliona kwamba siku ya kuzika jengo utepe uunganishwe, kwa hiyo Waziri akakabidhiwa vipande viwili vya utepe mwekundu akavipiga fundo mlangoni, wapiga picha wakamwomba arudie.

“Wananchi wa Bondeni Juu!” alisema. “Kwa miaka thelathini wodi hii imekuwa ikiwapokea kina mama wazima na kuwarudisha majumbani wakijikongoja. Serikali yenu sikivu imesema basi!” Akashangiliwa, maana alikuwa amekuja na sukari. “Na aliyefichua siri hii ni binti yenu wenyewe. Simama, binti, wakuone!”

Asteria akasimama. Perpetua, tumbo likiwa limefika kifuani, alipiga makofi kwa fahari kwa sababu dada yake ametajwa na Waziri. Asteria alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya milimani ni mwamba.

Vifaa vikapakiwa kwenye lori kama mali isiyo na tija: vitanda, mizani ya watoto, dawa ya kuzuia damu, glovu, ile ambu ya kumpulizia hewa mtoto asiyelia. Jengo likageuzwa Ofisi ya Tathmini ya Wilaya, na Asteria akateuliwa mkuu wake. Alipewa meza, kiti cha kuzunguka, na ndoo ya mihuri. Kina mama wakaelekezwa Hospitali ya Rufaa, mwendo wa saa saba kwa gari kama gari lipo. Aliandika barua tatu kuomba arudishiwe walau ambu na glovu. Alijibiwa zote tatu, kwa lugha ya upole sana, kwamba ofisi ya tathmini haizalishi.

*

Wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, Asteria alisikia kelele uani. Ezekia, mume wa Perpetua, na majirani watatu walikuwa wamembeba Perpetua juu ya kitanda cha kamba. Walikuwa wamesubiri gari la rufaa tangu alfajiri ya jana, na gari lilikuwa limempeleka mtu wa takwimu kwenye semina.

“Shemeji, tumeona tumlete tu hapa,” alisema Ezekia, anahema. “Hapa ndipo tunapopajua.”

Utepe wa Waziri, ambao watu wa ofisi huupita kwa kuinama, ulikuwa bado mlangoni, na fundo lake halikufunguka. Mama Sizya alilikata kwa meno. Walimlaza Perpetua juu ya meza ya mkuu wa ofisi, wakasukuma mafaili chini.

“Perpe, mdogo wangu. Unajisikiaje?”

“Nzuri, dada,” alisema Perpetua, midomo haina rangi. “Ila nahisi kitovu kimetangulia.”

Kilikuwa kimetangulia, mbele ya kichwa cha mtoto. Asteria alijua nini cha kufanya, alijua kila hatua, angeweza kuifanya akiwa usingizini. Alinawa kwa maji ya chai. Alivaa mifuko ya nailoni ya kufungia mihuri badala ya glovu. Alifanya kwa mikono kila kinachoweza kufanywa kwa mikono, na Mungu akamwachia mama: damu ilikatika, Perpetua akabaki hai. Mtoto alikuwa wa kiume, mkubwa, mwenye nywele nyingi. Hakulia. Asteria akampulizia kwa mdomo wake mwenyewe, taratibu, kama alivyofundishwa, akampulizia tena, akampulizia mpaka Mama Sizya alipomshika bega na kumwambia, “Mwanangu, basi. Basi, mama.”

Akalia pale sakafuni kati ya mafaili, kwa sauti, bila kujali kwamba vijana wawili wa ofisi wamesimama mlangoni na kalamu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mkunga naye hupewa fungu lake. Baadaye mmoja wa wale vijana aliuliza kwa adabu tukio liingizwe wapi, maana kituo hakina tena wodi, na mtoto hawezi kufia wodini ambako hapana wodi. Wakalitafutia fomu, wakakosa.

*

Barua ya wizara ilifika wiki ya sita tangu wodi ifungwe. Perpetua alikuwa amekuja kumjulia hali dada yake, akakaa kwenye benchi la nje, mikono mapajani, kwa kuwa siku hizi hakujua aiweke wapi. Asteria aliisoma akiwa amesimama. Ilimpongeza. Ilisema kwamba Jedwali la Kwanza linajieleza: vifo vya watoto wachanga katika wodi ya Bondeni Juu, kabla ya kufungwa, vitatu kwa mwaka, baada ya kufungwa, sifuri. Kutokana na mafanikio hayo Waziri ameridhia wodi nyingine arobaini za wazazi zifungwe kabla ya mwaka kwisha. Mtaalamu Lwambano anaombwa kusaini mwisho wa ukurasa wa nne na kurudisha kufikia Ijumaa. Kama hatasaini, itahesabika kuwa amesaini.

“Wanasemaje?” aliuliza Perpetua.

Asteria aliishusha barua. Perpetua akanyoosha mkono, akaichukua barua, akaisoma polepole kwa kufuata mistari kwa kidole, kwa sababu aliishia darasa la saba. Alipofika kwenye jedwali kidole kilisimama. Kilikaa pale juu ya ile sifuri muda mrefu.

“Dada,” alisema, bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza njia. “Wangu wamemwandika wapi?”

Asteria akaipokea barua, akafunua ukurasa wa pili, akafunua wa tatu na wa nne, kisha akarudi wa kwanza akaanza kutafuta upya.